Karatasi ya damu kabla ya ndoa: iwe lazima?

Kijana wa Kamalondo: Kwetu parokiani, hapa Lubumbashi, wachumba wanaombwa walete karatasi ya elektroforezi, kipimo cha damu kinachoonyesha S, jeni ya drepano (ugonjwa wa selimundu), kabla ndoa haijatangazwa. Wakikutwa AS wote wawili, yaani kila mmoja anabeba S moja bila kuugua, wanaambiwa wafikiri tena. Naunga mkono. Hapa Congo mtu mmoja kati ya watano, kama si wanne, anabeba S bila kujua.

Baba Ruashi: Zamani drepano hatukuijua. Wazee walichunguza kwanza ukoo wa binti. Leo mnaoa ovyo, halafu mnalaumu damu.

Mama wa Katuba: Baba, hapo umenichoma. Ukoo wa binti? Nimezika mtoto mmoja, wa pili ni SS, ana drepano. Wakwe waliniita mchawi mpaka bwana wangu alipopimwa: AS kama mimi. Mtoto wa SS hupewa S moja na mama, moja na baba. Hiyo ya baba ilitoka kwa nani?

Muuguzi Kampemba: Mama amesema kweli. Tena AS wawili wakizaa, nafasi ya kupata SS ni robo, na robo hiyo inarudi kwa kila mimba. Kuzaa SS mmoja hakuwakingi watatu wanaofuata. Na S si aibu ya ukoo, jamani! Mtoto AS hukingwa dhidi ya malaria kali, ndiyo maana imedumu kwetu, na India, hata Ugiriki.

Baba Ruashi: Mimi sikutaja uchawi, msinilishe maneno. Nilisema ukoo uchunguzwe.

Mama wa Katuba: Wa nani?

Baba Ruashi: Wa wote wawili, basi. Pole kwa mtoto, mama.

Mwanafunzi UNILU: Mnagombania koo, na tiba je? Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ya kurekebisha jeni, bei yake inapita dola milioni 2. Wagonjwa wengi wako Afrika, lakini utafiti wa jeni umejaa watu wa asili ya Ulaya!

Muuguzi Kampemba: Hidroksiyurea, dawa ya drepano, ilijaribiwa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, ikapunguza maumivu na vifo. Hiyo ndiyo tuidai hapa Lubumbashi.

Kijana wa Kamalondo: Na karatasi ya ndoa?

Mama wa Katuba: Pimeni, mwanangu, lakini kabla mahari haijatoka, na asifukuzwe mtu kanisani. Ila mimi ningelazimisha kipimo cha mtoto mchanga. Wa kwanza alikufa hatujui jina la ugonjwa. Huyu tulimjua akiwa na mwaka na nusu, vidole vimevimba, analia usiku kucha, nasi tunampaka mafuta.