Naomba ushauri: kujenga kwenye miteremko ya Mlima Hanang

Ndugu wanajamii, habari za wakati huu. Familia yetu ina kiwanja cha urithi katika kijiji kilicho chini ya Mlima Hanang, mkoani Manyara, na wadogo zangu wanataka tuanze ujenzi kabla ya masika. Mimi nasita, kwa sababu tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilimegua sehemu ya mlima huo, na tope lililochanganyika na mawe na magogo likafuata mikondo ya maji hadi Gendabi na mji mdogo wa Katesh, likaua watu zaidi ya 80. Kiwanja chetu hakikuguswa, jambo ambalo wadogo zangu wanalichukua kuwa ushahidi wa usalama. Kwangu mimi, korongo kavu linalopita jirani, lenye mawe makubwa yaliyofunikwa nusu na udongo, linaonyesha kwamba tope liliwahi kufika hapo zamani.

Naomba wenye ujuzi wa miamba au mipango miji wanieleze: je, dalili hiyo inatosha kuacha kujenga, na ombi la kupimiwa eneo huanzia kwa mtendaji wa kijiji, halmashauri, au moja kwa moja kwa wajiolojia wa serikali walioko Dodoma?