Tupeane uzoefu: nani alikwambia kwanza kuwa una kasoro?

MamaPacha: Leo binti yangu kagoma kumpigia bibi yake video mpaka nimwekee "filta ya kupunguza pua". Nikakumbuka shangazi zangu walivyokuwa wakinibana pua nikiwa mdogo, eti ichongoke. Wenzangu, kwenu lilianzia wapi?

Kibanio: Nilibanwa sana. Haikuchongoka.

Mweusi Tii: Tulizaliwa wawili, dada yangu mweupe. Wageni wakija, "yule mzuri yuko wapi?" Mimi nimebeba sinia la vikombe.

Jamvi: Najua mtasingizia televisheni, bure tu. Mnachekana nyie kwa nyie.

KisuKikali: Jamvi, kule visiwa vya Fiji, bahari ya Pasifiki, unene ulikuwa sifa. Televisheni ikafika mkoa wao wa Nadroga 1995. Mwaka 1998 mtafiti Anne Becker akakuta asilimia 11.3 ya wasichana wa shule aliowachunguza wanajitapisha ili wapungue, na 1995 hakukuwa na hata mmoja. Hao nao walianza kuchekana ghafla?

Jamvi: Fiji kwenyewe unapajua?

KisuKikali: Jibu swali.

AsaliChungu: Acheni ugomvi niwape yangu. Nilipiga picha ya fomu ya mtihani. Kijana wa studio bila kuulizwa akaning'arisha, akafuta kovu la kidevuni, pua akaichonga. Nikaipenda kufa. Siku ya mtihani msimamizi anatazama picha, ananitazama mimi. "Huyu ni dada yako?" Ni mimi. Akamwita mwenzake. Nikasimamishwa mlangoni, wenzangu ndani wameshaanza kuandika. Geuka huku, geuka kule. Mmoja akanipa leso nifute poda, akaishika kidevu changu na kugusa kovu kwa kidole: "Hili kwenye picha halipo." Mtihani nikausahau. Kilichoniuma ni kubembeleza watu wakubali kuwa yule mzuri ni mimi, nao wanatikisa vichwa.

Kibanio: Uuuuwi! Ukaingia?

Mweusi Tii: Studio walirudisha hela?

KisuKikali: Ndiyo maana Ufaransa tangu Oktoba 2017 picha ya tangazo ikipunguzwa au kuongezwa mwili wa mwanamitindo, lazima iandikwe kuwa imerekebishwa.

Kibanio: Na shangazi tumwandike wapi?

MamaPacha: Turudi kwa mwanangu. Nifute filta zote?

Mweusi Tii: Futa leo leo.

Kibanio: Ukifuta ataazima simu ya mwenzake. Mwambie hiyo pua ni ya bibi, halafu bibi asikie anavyoikataa 😂

Bi Taratibu: Filta inafutika. Mimi nilianza na krimu za kung'arisha, kumbe zina steroidi, dawa kali inayokondesha ngozi. Ngozi imekuwa nyembamba, nikijikuna tu inachubuka. Zungumza naye mapema.

Jamvi: AsaliChungu mbona kimya? Uliingia au hukuingia?

AsaliChungu: Niliingia mwishoni, baada ya mwalimu wangu kuja kunitambua. Nikafaulu. Picha ileile wakaibandika kwenye cheti, kila nikiomba kazi naanza kujieleza upya.

Jamvi: Itupie hapa tuione.

KisuKikali: Huyu kweli amesoma huu uzi?