Panya jike kwenye njia ya T (njia ya majaribio yenye umbo la herufi T): mbona matokeo yanayumba?

maabara_moro: Wakuu, panya jike wa umri mmoja, chakula kimoja. Wengine wanakumbuka mahali penye chakula, wengine wanashika tu kugeuka kulia. Tofauti inatoka wapi?

Hadubini: Mkuu, umeangalia mzunguko wa uzazi? Wa panya ni siku 4 hadi 5. Estradioli, homoni ya kike ya ovari, hupanda siku ya proestrasi (kabla tu ya joto), na wengi hapo hufuata mahali, kazi ya hipokampasi, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu. Siku ya estrasi (joto lenyewe) huegemea mazoea ya kugeuka. Osha uke kila asubuhi, saa ile ile, kwa matone ya maji ya chumvi ya 0.9%, utazame kwa hadubini: seli za duara zenye kiini ni proestrasi, magamba yasiyo na kiini ni estrasi, chembe nyeupe za damu tele ni daiestrasi (kipindi cha utulivu). Pipeti isizame, ukigusa shingo ya kizazi anaingia mimba bandia na mzunguko unasimama siku kadhaa.

Bi_Homoni: Hiyo haithibitishi estradioli, maana projesteroni, homoni nyingine ya ovari, nayo hupanda. Toa ovari, subiri walau wiki moja, kisha choma sindano chini ya ngozi ya estradioli benzoati (estradioli ya kuchoma), mfano mikrogramu 10, ndani ya mafuta ya ufuta, saa 48 na 24 kabla ya jaribio. Kundi la pili lipate mafuta matupu. Na chakula cha soya kina estrojeni za mimea (zinazofanana na estradioli, zinaweza kuvuruga matokeo), watu hulisahau hilo!

maabara_moro: Kwa hiyo waliochomwa watajifunza haraka?

Bi_Homoni: Jaribio la mahali, ndiyo, la kugeuka, mara nyingi huchelewa. Fanya yote mawili. Mwishoni pima uzito wa mji wa mimba, maana estradioli huukuza: ukiwa mzito kwa panya wa mafuta matupu, kipande cha ovari kilibaki, mwondoe kwenye hesabu.