Tumekatwa zabuni kabla bei haijafunguliwa

Mkandarasi wa Kampemba:
Wakubwa shikamooni. Kampuni moja ya mgodi upande wa Kolwezi, huku Kongo, imetutoa kwenye zabuni ya maghala na bahasha ya bei hata haijaguswa. RCCM ya usajili wa biashara ipo, Id. Nat. ya utambulisho wa kampuni ipo, NIF ya kodi ipo, CNSS ya hifadhi ya jamii tumelipa. Ofisi yao ya manunuzi imeandika mstari mmoja tu: uzoefu wa kazi zinazofanana haujathibitishwa. Tuliweka kazi za Dodoma na Mbeya, pamoja na cheti cha CRB, bodi ya makandarasi ya Tanzania, daraja la nne. Je, kazi tulizofanya nyumbani Tanzania zinahesabiwa kwa kampuni iliyosajiliwa Lubumbashi?

Fundi Mkuu, Likasi:
Marahaba. CRB huku ni karatasi ya kufungia karanga, mdogo wangu. Mteja anataka PV, yaani hati rasmi ya kupokelewa kazi, na ya mwisho, si ya muda. Halafu wanapekua. Jamaa mmoja hapa aliweka picha ya kreni, kwenye orodha ya mitambo kaandika ipo Lubumbashi. Mkaguzi akaikuza picha kwenye kompyuta mbele yake: namba inaanza na T, ya Tanzania. Alama za mitambo zote zikaondoka, na za uaminifu pia.

Mkenya wa Golf:
Fundi, usimpoteze. Hiyo ni sheria 17/001 ya Februari 2017. Sous-traitance, yaani kazi ndogo unayopewa na kampuni kuu, ni ya kampuni zenye mtaji wa Wakongo. Uliandikishwa ARSP, mamlaka inayosimamia sous-traitance? Kama hukuandikishwa, "uzoefu" ni lugha ya adabu tu.

Mkandarasi wa Kampemba:
Kaka, sisi si wa chini ya mtu. Tuliomba moja kwa moja kwa mwenye mgodi.

Mkenya wa Golf:
Ndiyo hiyo hiyo! Mgodi ndio mkuu, wewe ndiye sous-traitant hata ukimwaga zege peke yako. Someni sheria kabla ya kubisha.

Mama Bel-Air:
Na EAC, Jumuiya ya Afrika Mashariki, je? Kongo imeingia 2022, tukapiga vigelegele. Nondo zangu zinalala mpakani Kasumbalesa mpaka dereva anawajua mbuzi wa pale kwa majina.

Mulushois:
Ba ndugu, musikasirike. Bana betu balisoma polytechnique, uinjinia, ku UNILU, université ya Lubumbashi, beko ku nyumba, habana kazi. Mutafute Mukongomani, mufanye naye pamoja.

Fundi Mkuu, Likasi:
Kweli kabisa, ila asiwe mshirika wa kuazima jina. Mteja makini anamwita kikaoni, anamuuliza mtambo upi utachimba msingi na msimamizi wa usalama ni nani. Akianza kukutazama wewe, mmekwisha. Nimeona dosie nene za zabuni zikifungwa hapo hapo.

Mama Bel-Air:
Haya. Nani anatoka Tunduma wiki hii? Nahitaji sembe, bukari, ugali wa huku, ya muhogo imenichosha. Na dagaa wa Mwanza.

Mkenya wa Golf:
Wa Mwanza wana mchanga, mama. Agiza wa Kigoma.