Nabii Mika anasema Mungu anatupa zambi baharini, na parseli (kiwanja) ya mama yetu je?

mtoto_wa_kadutu (Bukavu)
Wandugu naomba musaada wa maandiko. Baba alipokufa, mutu moja wa kanisa letu akatengenezesha karatasi za parseli yetu kwa jina lake, wakakuja asubuhi kumutoa mama, vyombo vyote njiani, hata sufuria ya bugali iliwekwa kwenye matope ikiwa ingali moto. Sasa ameomba kanisa limusamehe lakini parseli harudishi, ameshapandisha nyumba za kupangisha. Pasta akahubiri Mika 7:19, Mungu anatupa zambi zetu zote katika vilindi vya bahari, alafu akamugeukia mama mbele ya watu akasema naye atupe. Tangu siku ile mama anajiona yeye ndiye mukosefu. Kweli Mika alisema mutu anasamehewa na kiwanja kinabaki kwake??

katekista_bagira
Mwanangu, pole sana, mupe mama pole yangu pia. Mustari ni wa kweli ila pasta ameanzia mwisho wa kitabu. Sura ziko saba tu, rudi sura ya 2 uone: ole wao wanaopanga uovu kitandani, kukikucha wanautimiza kwa sababu nguvu iko mikononi mwao, wanatamani mashamba wanayanyang'anya, na nyumba pia. Alafu 2:9, wanawake wa watu wangu munawatupa nje ya nyumba zao nzuri. Ni mama yako huyo kabisa! Mika hakuwa mutu wa mji mukubwa, alitoka Moreshethi, kijiji cha Yuda upande wa Wafilisti, siku za wafalme Yothamu, Ahazi na Hezekia, aliwajua hao walionyang'anywa. Na katika 3:11 hakuwaacha wakubwa wanaohukumu kwa rushwa wala makuhani wanaofundisha kwa malipo, eti Bwana si yuko katikati yetu, hakuna baya litatupata.

neema_lushi (Lubumbashi)
Pole dada/kaka. Lakini tuangalie tusifanye neema kuwa ndogo, mwenyewe Mika anauliza ni nani Mungu kama wewe unayesamehe uovu, na anasema Mungu anafurahia rehema. Mama akibeba hasira itamumaliza yeye, yule mutu analala vizuri tu. Kusamehe hakungojei tribinali (mahakama).

katekista_bagira
Dada Neema, kwa upande wa moyo wa mama nakubali, ila aliyekula parseli ni mutu mwingine, tusiwachanganye. Soma 7:9, yule anayesamehewa anasema kwanza nimemutenda Bwana zambi, anapokea hasira yake. Na soma Yeremia 26, kama miaka mia baadaye wazee bado wanakumbuka Mika alivyosema Sayuni italimwa kama shamba, na Hezekia hakumuua, alimuogopa Bwana akamuomba, ndiyo maana Bwana akaghairi lile baya. Hukumu ilitangazwa ili watu wageuke. Hata Zakayo mutoza ushuru alisema kama nimemunyang'anya mutu ninamurudishia mara nne, na ni hapo Yesu akasema leo wokovu umefika nyumba hii. Sasa huyu wenu anachukua kodi kila mwisho wa mwezi juu ya udongo wa mujane na anataka kuimba 7:19, hapana.

neema_lushi (Lubumbashi)
Hapo kwa kodi umenigusa mzee. Kweli, arudishe.

mtoto_wa_kadutu (Bukavu)
Asante sana baba, asante yaya Neema. Nimemusomea mama 2:9, akaniambia rudia, nikarudia, akauliza kumbe hii iko ndani ya Biblia. Sasa nifanye nini, nisimame Jumapili niisome mbele ya wote ao niende kwa pasta?

katekista_bagira
Usisimame Jumapili. Enda kwake nyumbani na wazee wawili wanaojua mipaka ya parseli, Matayo 18:16, mama akikubali naye aende. Mumuombe pasta amuite yule mutu na mufungue sura ya 2 pamoja. Na karatasi za baba, ata kama ni kopi, zipelekeni kwa avoka (mwanasheria) juma hili, musingoje jibu la kanisa.