Nimebakiza akaunti tisa tu X. Habari za saa moja nani bado anazihitaji?

Binti wa Kisauni: Nilikuwa nafuata watu 900. Ugomvi wa kila mtu naujua, jambo lenyewe silielewi. Nikafyeka wakabaki tisa: mawakili, mwanahabari wa bungeni, mhasibu mmoja. Juni 2024 yule mhasibu aliupitia Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, picha ya ukurasa imepigwa mstari kwa kalamu nyekundu: mkate VAT asilimia 16, gari asilimia 2.5 ya thamani yake, unalipa pale unapokata bima. Habari za saa moja tuwaachie wazee.

Mzee wa Redio: Wazee ndio kina nani? Ushuru wa mkate niliusikia redioni huku napiga mswaki. Sikuhitaji kalamu nyekundu.

Mkuu wa Tandika: Ni MUSWADA jamani. Mswada ni wa mtu anayeandika kitabu.

Binti wa Kisauni: Huku Kenya ni mswada, na ulitutoa jasho vilevile.

Hesabu Ngumu: Dada, mkate na gari si viliondolewa tarehe 18, wiki nzima kabla waandamanaji hawajaingia bungeni? Mpaka tarehe 25 bado watu wanasambaza habari ya mkate. Hao tisa wako walikwambia? Au wote tisa wanaimba wimbo mmoja?

Mkuu wa Tandika: Mimi niko kwenye lugha kwanza. Kiswahili mmekipokea kwetu halafu mnatufundisha.

Kijana wa Mvita: Kwenu wapi tena? Lamu mmeihamishia Tandika lini?

Mkuu wa Tandika: Usinitoe kwenye mada. Halafu X yenyewe huku Tanzania ilifungwa Mei 2025. Hao tisa niwafuate kwa miguu?

Kijana wa Mvita: Kumbe ndiyo maana umebaki na kamusi 😂

Binti wa Kisauni: @Hesabu aliandika kwamba vimeondolewa. Niliona kesho yake, nilikuwa kazini. Lakini rais mwenyewe alikataa kuusaini tarehe 26, kwa hiyo mkate ulikuwemo ama haukuwemo, yote moja.

Hesabu Ngumu: Si yote moja! Ndicho ninachouliza!

Mzee wa Redio: Mimi niliyasikia siku ileile. Betri mbili tu, zile kubwa.

Kijana wa Mvita: Mzee wangu, hizo kubwa bado zinauzwa? Babu anazitafuta Kongowea mwezi wa pili sasa.

Mzee wa Redio: Njoo inbox.