Ushauri: The X-Files nianzie wapi, niruke zipi, na filamu zake naziweka wapi?

MgeniWaSaaNne:
Wakuu salaam. Nataka kuitazama The X-Files, ile tamthilia ya Kimarekani ya maajenti wa FBI Mulder na Scully, tangu mwanzo. Misimu 11, episodi 218, filamu 2. Nafasi yangu ni episodi mbili kila usiku, yaani siku 109 kama sitaruka kitu, na uvumilivu wa kukaa na episodi mbovu sina. Diski za misimu 9 ya awali ninazo. Naomba mnisaidie: ipi niruke, filamu ya 1998 inaingia wapi, na kwa nini kwenye misimu ya mwanzo watu wanaonekana wamepanuka kama wamekaliwa?

KitiChaMbele:
Mkuu, hapo kuna tamthilia mbili ndani ya jina moja. Kuna hadithi kuu: viumbe wa anga, dada yake Mulder aliyepotea, wakubwa wanaoficha mambo. Halafu kuna episodi za kujitegemea, kila moja na zimwi lake, inaanza na kumalizika ndani ya dakika 45 hivi. Usije ukafuata orodha za "hadithi kuu pekee". Hadithi ile iliandikwa huku inarushwa, mwisho wake haukuwa umepangwa, kwa hiyo ukiitazama mfululizo bila mazimwi katikati utachoka kabla ya msimu wa 4. Raha yenyewe iko kwenye mazimwi.

Msimu wa 1 (1993–94) shika Pilot, Deep Throat (episodi ya 2), Squeeze (3), Ice (8), Beyond the Sea (13), E.B.E. (17), Tooms (21) na The Erlenmeyer Flask (24). Squeeze itangulie Tooms, jamaa ni yule yule. Ghost in the Machine (7) na Space (9) ruka tu, hakuna atakayekudai.

Ice ndiyo kipimo. Watu wachache wamefungiwa kwenye kituo cha utafiti Alaska, kuna mnyoo unaoingia mwilini na kumfanya mtu awe mkali. Angalia pale Mulder na Scully wanapokaguana shingo kwa zamu: mkono mmoja tu unapapasa ngozi, na wewe hujui yupi umwamini. Ikikuacha baridi hiyo, acha tamthilia yote, haitakufaa.

BintiProjekta:
Naongezea kwa KitiChaMbele, ila kwenye hadithi kuu ya misimu ya 2 na 3 usiruke hata moja. Duane Barry (2x05, yaani msimu wa 2, episodi ya 5), Ascension (2x06) na One Breath (2x08) ni kitu kimoja. Gillian Anderson, anayemwigiza Scully, alikuwa mjamzito wakati ule, waandishi wakalazimika kumtoa Scully kwa muda, na dharura hiyo ndiyo iliyozaa mkasa uliobeba miaka yote iliyofuata. Katikati yake kuna episodi inayoitwa "3" (2x07), ya wanywa damu, Scully hayumo kabisa. Iruke.

Halafu Anasazi (2x25), The Blessing Way (3x01) na Paper Clip (3x02) zitazame usiku mmoja. Ratiba yako ya mbili mbili ivunje hapo, maana Anasazi inaishia pabaya.

Na mfuatilie mwandishi Darin Morgan. Kwanza alivaa gwanda la zimwi la The Host (2x02), baadaye akaandika Humbug (2x20), Clyde Bruckman's Final Repose (3x04), War of the Coprophages (3x12) na Jose Chung's From Outer Space (3x20). Ya Clyde Bruckman ndiyo kilele cha tamthilia nzima: muuza bima anayeona kila mtu atakufaje, na hakuna anachoweza kufanya kuhusu hilo. Ilishinda tuzo ya Emmy ya uandishi, na Peter Boyle aliyemwigiza Bruckman akapata ya mwigizaji mgeni. Lakini usianze nayo! Kichekesho chake kinategemea umeshawazoea Mulder na Scully wakiwa serious. Ukiitazama ya kwanza utaona watu wawili wanazungumza na mzee mnuniaji, basi.

FundiRimoti:
Hilo la watu kupanuka: misimu ya mwanzo ilirushwa kwa umbo la 4:3 (upana 4 kwa kimo 3), TV yako ni 16:9 na inavuta picha ijae kioo. Sura inaongezeka upana kwa theluthi nzima. Kwenye rimoti tafuta kitufe cha umbo la picha, chagua 4:3, ukubali mistari myeusi pembeni. Usichague ile ya kukuza picha, inakata robo ya kimo na wakati mwingine inaondoka na paji la uso la Scully. Ukifika msimu wa 5 rudisha 16:9, diski zake zimetengenezwa kwa umbo hilo.

Giza nalo. Misimu 5 ya kwanza ilipigwa Vancouver, mvua na misitu, taa ni tochi zao tu. TV yenye hali ya kubana umeme au kihisi cha mwanga hujipunguzia mwanga yenyewe, tochi zinabaki na msitu wote unapotea. Zima vyote viwili, weka hali ya sinema. Zima pia ulainishaji wa mwendo: Samsung wanauita Auto Motion Plus, LG TruMotion, Sony Motionflow. Ukiuacha, filamu inageuka kama taarifa ya habari.

Ukicheza kwenye kompyuta na maandishi ya chini yakaachana na sauti, angalia kwanza yanaachanaje. Yakichelewa kwa kiasi kile kile mwanzo hadi mwisho, programu ya VLC inamaliza kazi: bonyeza G kuyawahisha, H kuyachelewesha, kila mbonyezo ni milisekunde 50. Yakizidi kuachana kadiri episodi inavyosonga, tatizo ni kasi. Diski za mfumo wa TV wa PAL huenda fremu 25 kwa sekunde badala ya 23.976, hivyo dakika 45 zinakuwa 43 na kidogo. Hapo G na H utabonyeza hadi asubuhi. Badilisha kasi ya faili la maandishi kwa programu kama Subtitle Edit.

Msumeno:
Filamu ya 1998 (Fight the Future) itazame baada ya The End (5x20), kabla ya The Beginning (6x01). Siyo hiari. Msimu wa 6 unaanza ukichukulia umeiona, na yenyewe inataka uwe umepita Patient X na The Red and the Black (5x13, 5x14). Ilipigwa 1997 kabla ya msimu wa 5, ndiyo maana Unusual Suspects (5x03) imewaachia kazi wale wadukuzi watatu marafiki wa Mulder, The Lone Gunmen: waigizaji wakuu walikuwa wamebanwa na filamu.

Baada ya hapo Two Fathers na One Son (6x11, 6x12) zinafunga njama kubwa, na Sein und Zeit na Closure (7x10, 7x11) zinajibu suala la dada. Kwangu mimi hadithi kuu inaishia hapo. Katikati usikose Drive (6x02), Triangle (6x03) na Monday (6x14).

BintiProjekta:
Msumeno, unamnyima msimu wa 8. Robert Patrick kama ajenti mpya Doggett ameleta polisi halisi asiyeamini chochote, na giza lile la zamani likarudi. Msimu wa 9 ndio nakubaliana nawe, ni wa kuchagua kwa tochi.

Msumeno:
Sawa, wa 8 apite. Filamu ya 2008 inajitegemea, iweke kati ya misimu ya 9 na 10 au iache. Misimu ya 10 na 11 (2016 na 2018): zile episodi nne za My Struggle ndizo mbaya kupita zote, na ya tatu inafuta kilichokutia roho juu kwenye ya pili. Chukua 10x03 na 11x04, zote za Darin Morgan.

MgeniWaSaaNne:
Asanteni sana wakuu. Kuna watoto nyumbani wa miaka 11 na 13, kuna za kuwaficha? Na hizi tamthilia za The Lone Gunmen na Millennium zinahusiana vipi na hii?

KitiChaMbele:
Home (4x02) waongoze kulala mapema. Ilirushwa Oktoba 1996 ikiwa na onyo kwa watazamaji, na kituo cha Fox wakakaa miaka bila kuirudia. Vitu vibaya vinaonyeshwa ndani ya dakika chache za mwanzo, hutapata muda wa kuishika rimoti. Wa miaka 11 mfichie na The Host, kama choo chenu mnakitumia usiku.

The Lone Gunmen (2001) ina episodi 13 na ilikatishwa bila mwisho. Mwisho wake uko Jump the Shark (9x15). Millennium nayo ilikatishwa 1999 baada ya misimu mitatu, ikafungiwa kwenye episodi yenye jina hilo hilo, 7x04. Hiyo ya 7x04 unaweza kuitazama bila kuijua Millennium, utakosa tu kujua kwa nini Frank Black, mhusika mkuu wa Millennium, ana uchovu ule.